Heshima Yako na Sufuria Zangu

Mkwe wangu Deo,

Wengine huanza na "mpendwa". Nililiandika neno hilo, nikalitazama kidogo, nikalifuta. Utavumilia.

Habari zenu za huko kwenye baridi zimenifikia. Binti yangu Riziki, mkeo, alinipigia simu Jumapili baada ya ibada. Akaniambia mmefungua mgahawa, mnauza sombe ya majani ya muhogo na fufu ya unga wake na samaki wadogo kwa watu wasiojua kama muhogo unaota juu ya ardhi au chini yake, na kwamba unataka kuuita kwa jina langu. Kwa Mama Riziki. Kisha akashusha sauti, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Mama, Deo iko anaomba tu ukubali." Wewe mwenyewe hukuishika simu. Miaka yote hii, bahari na mabara katikati yetu, na bado unauogopa mdomo wangu.

Basi nakujibu, na barua yenyewe ni ya wazi. Kabla sijaituma itasomwa hapa Malawi, kambini Dzaleka, mbele ya wanawake wa kwaya na mpita njia yeyote mwenye masikio, kwa sababu uliyoyasema juu ya chakula changu hukuyasema chumbani. Uliyasema mbele ya watu. Jina unaloliomba leo ndilo lile ulilolichafua, na anayeamua kama utalipata ni mimi.

Unakumbuka jinsi tulivyojuana? Ilikuwa mwaka 2006 au 2007, sina hakika, nyumba yangu ya kulia chakula ikiwa bado ya matofali mabichi na paa la turubai. Kitu pekee kizuri kilikuwa mlango wa buluu niliopewa na fundi mmoja aliyekuwa akihama. Kule kwetu Kongo, Fizi, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku niliacha chaki nikashika mwiko, na sikuona aibu. Ukaingia wewe, kijana wa Bukavu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vimefutwa katika vumbi hili lisilomheshimu mtu. Nilisema moyoni, huyu ataomba uma na kisu.

Hukuomba. Ulinawa mikono, ukamega fufu, ukachovya kwenye sombe, ukafumba macho. "Mama," ulisema mdomo ukiwa umejaa, "hii sombe umeipondea wapi? Mi nimezunguka restora zote, toka hapa mpaka Lilongwe. Bantu banatuuzia majani ya kuchemsha tu. Hii njo ya kwetu." Wateja wote waligeuka. Nilijifanya nachochea moto ili nisionekane ninavyocheka.

Toka siku hiyo benchi la mbele lilikuwa lako. Ulikula kama mtu aliyetumwa. Na ulikuwa na kipaji, siwezi kukunyima hilo hata nikiwa na hasira: ulijua kutafuta mahali pa kula. Katika mji usioujua uliangalia kwanza moto, kisha kitambaa cha kufutia meza, kisha ni nani wanaokula. "Fasi bashofere beko banakula, ingia bila kuuliza," ulikuwa ukisema, maana madereva hawakosei sahani. Kwa sababu ulijua Kifaransa, Kiingereza na Kichewa, wageni wote waliokuja kutazama kambi walipewa wewe uwatafsirie, na adhuhuri ilipofika walikuuliza wapi pana chakula kizuri cha wenyeji wa hapa. Ukawaleta kwangu. Mlikaa benchi la mbele, wewe katikati, ukiwafundisha kumega. Watu wa ofisi za Lilongwe walikuwa wakirudi wenyewe Ijumaa, na gari zao zilisimama mlangoni pangu mpaka majirani wakaona wivu.

Kisha ukamwona Riziki. Au tuseme ulimwona siku ya kwanza, na sombe ilikuwa kisingizio. Sikukasirika. Binti alikuwa na umri wake, na wewe hukuwa mlevi.

Siku ya kuposa, wazee wetu wa Fizi walikukalisha chini wakakueleza desturi zetu, maana ninyi watu wa mjini mna zenu. Walikuambia kwamba kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele yake. Walikuambia pia, na hapa ndipo masikio yako yalipoziba, kwamba jambo hilo lina mwisho wake. Mkwe huleta kuku na kitenge. Mama mkwe humpika kuku yule, humega kipande cha kwanza, humpa mkwe kwa mkono wake, wanakula pamoja. Tunaita kufungua kinywa. Ni kazi ya asubuhi moja. Wengi hapa kambini huimaliza kabla harusi haijasahaulika, na wengine, vita vimewachosha, hawaifanyi kabisa na hakuna anayewauliza.

Wewe ulishika nusu ya kwanza ukaikumbatia kama Biblia. Nikapata mkwe, nikapoteza mteja.

Haki ya Mungu, ulinichekesha mwanzoni. Ulikutana nami kisimani unatafuna andazi, ukalimeza zima zima mpaka machozi yakakutoka, ukanisalimu kwa sauti ya bata. Kwenye harusi ya jirani ulificha sahani chini ya meza mahubiri yote, ukasimama na mchuzi kwenye suruali ile ya pasi. Watu wakaanza kukusifu. "Tazameni mkwe wa Mama Riziki. Mutu ya Bukavu, lakini adabu yake inatushinda sisi benyewe." Sifa zile zilikupanda kichwani kuliko pombe ya kachasu. Nilikuona jinsi ulivyokuwa ukingoja watu wawe wengi ndipo uinuke na sahani yako, polepole, uwaombe radhi, utoke nje.

Nilikuita siku moja nje ya kanisa. "Deo, leta kuku, tumalize hii mambo." Ukainama mpaka nikaona kisogo. "Mama, heshima haina haraka. Mi nataka nikuheshimu mpaka mwisho." Akina mama waliokuwa karibu wakapiga vigelegele. Ningefanya nini? Nami nilipiga.

Lakini wageni waliendelea kuja, na adhuhuri iliendelea kufika. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ya kwanza ulipowapitisha. Mlikuwa kundi zima. Ulipofika usawa wa mlango wa buluu, ulivuka barabara ukawaongoza upande wa pili, kwa yule Mrundi mwenye mishikaki ya mbuzi. Nilielewa. Ukiwaketisha kwangu itakubidi ule nao, nami nipo. Nikakutumia Riziki na ujumbe: siku ukiwa na wageni nijulishe, nitaondoka, nitakaa kwa jirani, yeye atapakua. Ulimrudisha na jibu: "Mwambie mama, hata akitoka, sufuria ni zake. Ni kama yeye mwenyewe iko pale." Nilisikia jibu hilo nikaliona zuri, nikalisimulia kwa watu.

Nilikupenda, Deo. Nataka walio hapa wanaosikia barua hii walijue hilo pia, kwa sababu bila hilo hawatajua ubaya wako una kimo gani.

Nilikupenda zaidi siku ile ya Nsungwi, kule Lilongwe. Jumamosi zenu wewe na Riziki mlikuwa mkienda Lilongwe kutafuta mahali pa kula, hiyo ndiyo ilikuwa starehe yenu, wengine wanakwenda kutazama mpira. Nami nilijiunga nanyi nikiwa na kazi ya kununua unga wa muhogo uliotoka Nkhotakota, na mawese yakipatikana. Mlinionyesha mji kwa tumbo. Area 47 mlimjua mwanamke anayeunga maharage kwa unga wa karanga. Karibu na Capital Hill mliwajua akina mama wanaopakulia makarani nsima, ugali wao, na samaki wa chambo chini ya miti, na ulijua yupi samaki wake ni wa leo na yupi anakaanga tena wa jana. Njiani ulisema na sisi tukasikiliza. Kisha tulipofika mahali, ninyi mliingia, mimi nikaendelea na safari yangu ya unga, nikala muhindi wa kuchoma peke yangu kando ya barabara. Ndivyo sheria yako ilivyotaka.

Siku hiyo mvua ilituvamia Nsungwi. Tulikimbilia mgahawa wa mama mmoja wa kaskazini, chumba kimoja tu, meza zimebanana, na mnasikia harufu? Alikuwa anasonga kondowole, nsima yao ya muhogo, ndugu wa damu wa fufu yetu. Ulisahau kila kitu. Uliagiza kwa ajili yetu sote watatu, na usipa, dagaa wao, wa kukaanga, na pilipili. Sahani zilipokuja ndipo ukaniona niko mbele yako. Riziki alicheka mpaka akalala juu ya meza. Wewe ukainuka, ukaichukua sahani yako, ukatoka kwenye ile mvua.

Ulijibanza chini ya ukingo wa paa nyuma ya pipa la maji, ukanipa mgongo, ukala. Paa lilikuwa fupi. Shati lilikugandia mgongoni, na kila ulipoinama kumega maji yalimwagikia kwenye sahani yako. Yule mama mwenye mgahawa aliniuliza kwa Kichewa kama nimegombana na mwanangu. Nikamwambia ni mkwe, na ni desturi. Akapiga makofi ya adabu, kama wanavyopiga wao, akaniongezea samaki. Mimi nikawa natazama ule mgongo uliolowa. Njiani tukikimbia Fizi nilizika watoto wa kiume, unajua, sitaki kuyarudia hayo. Pale Nsungwi nilisema moyoni: huyu nimepewa badala yao. Uliporudi ndani, sahani tupu, nywele zinachuruzika, ulisema: "Fufu yao iko karibu na yako, mama. Lakini yako iko mbele." Neno hilo nililila miezi mingi.

Wakati huohuo nyumba yangu ya mlango wa buluu ilikuwa inakufa, nami sikujua inaugua nini.

Ijumaa ya kwanza bila gari niliona ni bahati mbaya. Kisha zikawa Ijumaa zote. Watu wa ofisi walipita, wengine niliwajua kwa majina, wakaniinulia mkono kwa mbali kama mtu anavyomsalimu mgonjwa. Nikasema ni mbuzi wa Mrundi. Nikasema ni mawese, siku hizi wanayachanganya. Nikapaka kuta chokaa. Nikashona vitambaa vya meza. Nikanunua beseni jipya la kunawia nikaliweka mbele kabisa, mlangoni, na sabuni mpya kila Jumatatu, ili mtu aone. Vijana wetu wanaofanya kazi na wageni wakaacha kuja, na wakiacha hao, wengine nao huacha bila kujiuliza kwa nini. Nilifunga na kuomba. Nilimwomba mchungaji aje anyunyize maombi kwenye kuta. Na wewe, mkwe, ulikuja pamoja naye, ukasimama pale karibu na beseni, ukafumba macho ukasema amina.

Ile amina ndiyo siwezi kukusamehe. Mengine labda.

Kisha jina lenu likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaopelekwa nchi za mbali, mkapata ndege. Asubuhi ya kuondoka uliniinamia mbele ya watu wote, ukalia machozi ya kweli, na Riziki akalia, nami nikakubariki kwa mikono yote miwili. Kuku hukuwa umeleta. Niliwaza, atamleta siku akirudi kututembelea. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Haukupita mwaka. Siku moja gari la ofisi lilisimama mlangoni pangu, na dereva, mtu mzima ambaye sijawahi kumwona, akaingia bila kuuliza lolote, akaketi, akaagiza. Bosi wake alibaki garini amekunja uso. Baadaye njaa ikamshinda, naye akashuka. Alikuwa mama wa Kimalawi, mfanyakazi wa ofisi moja pale Capital Hill, mpole, miwani imening'inia shingoni. Alikula akamaliza. Akaomba nyongeza. Alipokuwa ananawa akaniuliza jina, nikamwambia, hapa wananiita Mama Riziki.

Mikono yake ilibaki hewani inatiririka maji. Alitazama sahani yake, akatazama beseni, akatazama sabuni. Akasema kwa Kichewa, nami Kichewa nakisikia vizuri siku hizi: "Amayi, sisi tuliambiwa tusile hapa kamwe."

Nilimwuliza na nani.

Watu wa hapa hawapendi kumtia mtu aibu usoni. Lakini nilikuwa nimemshika mkono wake uliolowa, na sikuuachia. Akaniambia. Ulikuwa unawaambia wageni wote, kundi baada ya kundi, na wale wa zamani wakiondoka waliwarithisha wapya: kuleni kokote Dzaleka, ila msiingie kwenye mlango wa buluu. Mama yule anapika vitu vitamu kwa macho, lakini hanawi. Maji yake ya dimbwini. Watu wameharisha.

"Nanyi mkaamini?" nilisema.

Akaona aibu yeye kwa niaba yako. "Alituambia wewe ni mama mkwe wake," alisema. "Tukawaza, nani atasema uongo juu ya mama mkwe wake?"

Nilimwekea kikombe cha chai asichokiagiza, akakinywa chote, maskini, ili nione kwamba anakinywa.

Nilimpigia Riziki. Nilimuuliza swali moja tu, ulijua? Nilisikia televisheni yenu nyuma, inaongea lugha ile. Alipofungua mdomo alisema, "Mama, angewaambia nini bale bazungu na babosi? Kwamba mutu ya diplome hawezi kula mbele ya mama mzee? Bangemucheka." Nikakata simu. Kadi ya simu haikuwa imekwisha.

Sasa nisikilize, maana hapa nafundisha kama zamani. Ulikuwa na aibu mbili. Mbele yetu uliona aibu kuivunja desturi, kwa sababu tulikuwa tunakupigia vigelegele. Mbele yao uliona aibu kuitaja, kwa sababu wangecheka. Mtu mwenye aibu moja huivaa. Wewe ulizivua zote mbili ukazitupia kwenye sufuria zangu. Na kulikuwa na uongo mwingi mwingine wa kuchagua, Deo! Ungesema huna njaa. Ungesema kwangu kuna inzi, Dzaleka nzima ina inzi. Ungesema yule mama ana mdomo mbaya, mtamjua mkifika, na hapo hata usingekuwa umesema uongo. Ulienda moja kwa moja kwenye mikono yangu. Mikono iliyompikia mke wako tangu akiwa hana meno.

Na kuku? Kuku mmoja, asubuhi moja, na ungeweza kukaa benchi la mbele mpaka leo. Nimelifikiria sana hilo. Hukumleta kwa sababu kuku angemaliza sifa. Mkwe anayekula na mama mkwe ni mkwe kama wengine, hakuna anayemgeukia kanisani. Uliupenda ule mgongo wako kwenye mvua kuliko mimi nilivyoupenda.

Nyumba nilifunga. Mabenchi yalikwenda kwa watu wa kanisa, mlango wa buluu uko kwenye saluni ya msichana mmoja karibu na soko, anausugua vizuri. Mimi namenya viazi na kukata vitunguu kwa yule Mrundi wa mishikaki. Ni mtu mwema. Ananiacha nikae karibu na moto wakati wa baridi ya Juni, na hali mbele yangu bila kunikaribisha. Wageni wanakuja pale bado, wanaulizana kwa Kiingereza kama pana chakula cha kienyeji hasa, chakula cha Wakongo, nami niko hapo chini na kisu changu, nakata vitunguu.

Na wewe, kwenye hiyo simu, kupitia kinywa cha binti yangu, umesema unavyowaambia wateja wako huko: mapishi haya ni ya mama mkwe wangu, mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kujua. Riziki alidhani nitafurahi. Alirudia. Nilimwambia asirudie tena, na sauti yangu ilimtisha, nami ilinitisha.

Nina hasira, mkwe. Nimezeeka nayo. Na usiku mwingine, hili nalo litasomwa, watu na wacheke, nawaza kama huko mnapata mawese ya kweli, na kama bado unafumba macho.

Umeomba vitu viwili, jina na picha. Unataka picha yangu uitundike ukutani, wateja wamwone mwenye mapishi. Wanawake wa kwaya walinishauri nikatae vyote. Mchungaji alinishauri nitoe vyote na msamaha juu yake. Nilikuwa bado sijaamua mpaka Riziki, katika kunilainisha, alipocheka akanisimulia jambo nisilolijua. Kwamba katika chumba chenu hapa Dzaleka picha yangu ilikuwa juu ya meza ya kulia, na kila kabla ya kula ulisimama ukaigeuza uso ukutani. Ukimaliza, ukanawa, ukaigeuza tena. Hata mlipokuwa wawili tu. Hata gizani umeme ukikatika. "Aliona bila hivyo chakula hakitamshuka, mama," alisema.

Kumbe hata kwenye karatasi nilikuwa mama mkwe. Siku hiyo nililala vizuri.

Jina chukua, ni lako. Picha inakuja pamoja na barua hii. Ni ile niliyopigwa studio Lilongwe, na kitenge changu cha njano, natazama mbele bila kucheka. Ipe fremu nzuri. Itundike mahali ambapo meza zote zinaonekana na mlango wa jikoni unaonekana, na uuache wazi mlango huo. Usiigeuze, kwa sababu wateja watakuuliza kwa nini mwenye mapishi anaangalia ukuta, na ninajua wewe ukiulizwa hujibu nini.

Na mbele yangu, mkwe, huli. Ndivyo ulivyoitaka sheria, mpaka mwisho, kwa maneno yako. Huonji. Hutii hata tone la sombe kiganjani kupima chumvi. Kuku sitaki tena, hata ukituma banda zima. Kinywa chako sikufungui mimi.

Pika hivyohivyo, kwa kukisia. Chumvi itazidi leo, kesho itapungua, watu wataacha kuja mmoja mmoja, watakuinulia mkono kwa mbali, nawe utapaka kuta chokaa na kununua sabuni mpya. Au siku moja utachoka, utainua kijiko mbele ya macho yangu, utaonja, na itakuwa kitu chepesi tu, kama nilivyokuambia tangu mwanzo kwamba ni kitu chepesi. Siku hiyo Riziki atakuwa amesimama kando yako, anakutazama, na atajua mama yake alikufa njaa ya wateja kwa ajili ya nini.

Mwambie namsalimu. Mwambie ale ashibe, yeye ni mwanangu na hana kizuizi. Nawe vaa nguo nzito, usijifanye kijana wa pasi kwenye theluji.

Pika, Deo. Nakutazama.

Mama mkwe wako,
Mama Riziki, Dzaleka